Maswali ya Wasomaji: Umeme Ukikatika, Faili Zinabaki na Nani?

Barua nyingi zilizofika mezani mwangu kwa ajili ya safu hii zinahusu kompyuta ndogo zinazokaa ndani ya vifaa: mita, rauta, vipima joto, mitambo ya maji. Walioziandika hawafahamiani, lakini wote wamejikwaa kwenye kizingiti kimoja, yaani namna faili zinavyotunzwa katika kumbukumbu ya flashi, ile chipu inayotunza data hata umeme ukizimwa. Nimechagua barua tano, na nimeanza na ile ambayo jibu lake ni refu kuliko mengine, kwa sababu majibu yanayofuata yanalitegemea.

Mhandisi, hongera kwa kazi. Mimi ni fundi wa umeme wa jua hapa Tanga. Nimetengeneza kifaa cha kupima kina cha maji katika matangi, nikitumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 16. Kila baada ya sekunde 10 programu yangu huandika mstari wa baiti 40 hivi katika faili na kuhakikisha umefika kwenye kadi. Kifaa kinafanya kazi vizuri, lakini umeme ukishakatika mara kadhaa kadi inakataa kusomeka. Nimebadilisha kadi 4 katika miezi 6, na muuzaji ananiapia kwamba ni halisi. Je, kosa ni la kadi, la umeme, au ni langu? — Fundi, Tanga

Ndugu fundi, kadi zako huenda ni halisi kabisa. Una matatizo mawili ambayo kwa nje yanafanana, na ni vizuri tuyatenganishe: la kwanza ni umeme unaokatika wakati kadi iko katikati ya kazi, na la pili ni kadi kuchakaa kwa kuandikwa kupita kiasi.

Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa katika kampuni ya Toshiba nchini Japani. Aina iitwayo NOR aliiwasilisha kwa wataalamu wenzake mwaka 1984, na aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo katika kadi yako, mwaka 1987. Waliosoma chuo cha Kurani katika miji ya pwani watakumbuka ubao wa mbao ambao mwanafunzi aliuandika mstari kwa mstari, na somo lilipobadilika akauosha wote ndipo akaanza upya. Flashi ya NAND iko hivyo. Huandikwa ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa mmoja huwa na baiti 2,048, au 4,096, au zaidi. Lakini ukurasa ulioandikwa hauwezi kuandikwa tena mpaka ufutwe, na hakuna namna ya kufuta ukurasa mmoja peke yake. Kinachofutwa ni bloku nzima, ambayo katika chipu za zamani ilikuwa na kurasa 64, sawa na kilobaiti 128, na katika chipu za leo hufika megabaiti kadhaa. Isitoshe, kila ufutaji huzila seli kidogo. Chipu inayoweka biti moja katika kila seli huvumilia takriban mara 100,000, yenye biti mbili huvumilia mara elfu chache, na yenye biti tatu mara nyingi huishia karibu na 1,000.

Kwa hiyo programu yako inapobadilisha baiti moja, hakuna mahali ambapo baiti hiyo inabadilishwa. Nakala mpya ya ukurasa huandikwa penginepo, ramani inayoonyesha data iko wapi hurekebishwa, na nakala ya zamani husubiri kufutwa pamoja na bloku yake. Katika kadi ya kumbukumbu kazi hiyo hufanywa na kidhibiti, ambacho ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kadi, nayo huuonyesha mfumo endeshi diski ya kawaida na kuficha misukosuko yote ya ndani. Umeme ukikatika wakati kidhibiti kinahamisha kurasa au kinarekebisha ramani yake, hasara inaweza kuangukia data ambayo hukuigusa kabisa. Ndiyo maana watu hushangaa kwamba walikuwa wakiandika vipimo vya maji tu, lakini faili iliyoharibika ni ya mfumo endeshi, ambayo haijaguswa tangu siku kadi ilipotayarishwa. Katika chipu za biti mbili kwa kila seli kuna ubaya mwingine: kurasa mbili hushirikiana seli zilezile, na ule wa pili ukikatizwa unapoandikwa, wa kwanza, ambao uliandikwa salama zamani, unaweza kuharibika pamoja nao.

Juu ya kadi kuna mfumo wa faili, ambao kwa kifaa chako nadhani ni ext4. Mfumo huu una jarida linalolinda muundo wake, yaani majina ya faili, saraka (folda) na orodha ya nafasi zilizotumika, na kwa kawaida hulifunga kila baada ya sekunde 5. FAT, ambayo kadi nyingi hutoka nayo dukani, haina hata jarida hilo. Lakini jarida la ext4 linaamini kwamba kadi ikisema "nimeandika" basi imeandika kweli, na kwamba kilichoandikwa jana hakitageuka leo. Kadi ya bei nafuu inayokatiwa umeme haitimizi hata moja kati ya ahadi hizo mbili.

Sasa tuje kwenye kuchakaa. Mistari yako ya baiti 40 ni 8,640 kwa siku, jumla yake kama kilobaiti 338, kiasi ambacho mtu angedhani kadi ya gigabaiti 16 itakibeba milele. Lakini kila mstari unaoulazimisha ufike kwenye kadi hauendi peke yake. Huandikwa kipande kizima cha data cha baiti 4,096, kisha maelezo ya faili, kisha kurasa za jarida. Tukikadiria kwa huruma kwamba kila mstari unasababisha kurasa 4 za baiti 4,096, unaandika baiti 16,384 ili kutunza 40, yaani zaidi ya mara 400, na kwa siku inakuwa karibu megabaiti 140. Hapo bado sijahesabu nakala ambazo kidhibiti chenyewe huzihamisha ndani ili kupata bloku za kufuta.

Usidhani ni mafundi wadogo tu wanaonaswa na hesabu hii. Mwezi Februari 2021 kampuni ya Tesla ilianza kuyaita tena nchini Marekani magari karibu 135,000 ya Model S na Model X, kwa sababu flashi ya gigabaiti 8 iliyo kwenye kompyuta ya skrini ilikuwa ikichakaa baada ya miaka michache. Seli zake zilikadiriwa kuvumilia mizunguko 3,000 ya kufuta na kuandika, na gari lilikuwa likiiandikia kila siku.

Ningekuwa mahali pako ningeigawa kadi sehemu mbili, moja ya mfumo endeshi na nyingine ya data. Ile ya mfumo endeshi ningeifanya isomwe tu, isiandikwe kamwe; mfumo wa Raspberry Pi una chaguo la kufanya hivyo katika programu yake ya mipangilio, ambapo mabadiliko yote hubaki katika RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kupotea umeme ukizimwa. Vipimo ningevikusanya 100 katika RAM ndipo niviandike kwa pamoja, kwa kuwa baiti 4,000 zinaenea katika kipande kimoja, na maandiko 8,640 ya siku yangeshuka hadi 86. Gharama yake ni kwamba umeme ukikatika utapoteza vipimo vya dakika 17 hivi. Kwa kina cha tangi naona gharama hiyo inavumilika, na kama haivumiliki, nunua chipu ndogo ya FRAM, ambayo hutunza data bila umeme na huvumilia kuandikwa mara nyingi kuliko utakavyoweza kuzihesabu, uweke humo vipimo vinavyosubiri.

Faili ya mipangilio inahitaji adabu yake. Usiifungue na kuiandika palepale ilipo. Andika faili mpya yenye jina la muda, ulazimishe ifike kwenye kadi kwa amri ya fsync, kisha uibadilishe jina ichukue nafasi ya ile ya zamani. Umeme ukikatika wakati wowote katika hatua hizo, kifaa kikiwaka tena kitakuta ama faili ya zamani nzima au mpya nzima.

Kisha umeme wenyewe, ambao wewe unaujua kuliko mimi. Kapasita kubwa au betri ndogo inayoweza kukishikilia kifaa kwa sekunde kadhaa, pamoja na waya unaoiarifu kompyuta kwamba umeme wa nje umeondoka, ungeipa programu muda wa kuandika kilichobaki na kuacha kuandika. Mimi niliipuuza kazi hiyo katika kifaa changu cha kwanza cha kupimia kisima, na vipimo vya miezi 4 vilipotea katika usiku mmoja wa mvua. Hadi leo sijui maji ya kisima kile yalishuka kiasi gani katika kiangazi cha mwaka ule.

Natunza mtandao wa shule moja karibu na Eldoret. Tuna rauta za zamani zenye flashi ya megabaiti 8 ambazo nimeziwekea OpenWrt, mfumo endeshi huria wa rauta. Nilitaka kuongeza programu ya kuhesabu matumizi, nafasi haikutosha, basi nikaondoa programu kadhaa zilizokuja na mfumo. Nafasi haikuongezeka hata kidogo, na naona imepungua! Je, rauta imeharibika? — Mwalimu, Eldoret

Mwalimu, rauta yako ni nzima, na ulichokiona ndicho kinachotakiwa kutokea.

OpenWrt huigawa flashi hiyo ndogo katika tabaka mbili. Tabaka la chini ni SquashFS, mfumo wa faili uliobanwa sana na unaosomwa tu, ambamo programu zote zilizokuja na mfumo zimefungwa kama mzigo ulioshonwa gunia. Tabaka la juu, katika rauta za flashi ya NOR kama yako, ni JFFS2, ambako ndiko mabadiliko yako yote yanaandikwa. Mtumiaji huyaona matabaka hayo mawili yakiwa yamelaliana kama kitu kimoja. Ukifuta programu iliyo katika tabaka la chini, gunia halifunguliwi. Katika tabaka la juu huandikwa alama inayosema "faili hii usiionyeshe tena", na alama hiyo yenyewe inachukua nafasi. Ukisasisha programu iliyokuja na mfumo hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa toleo la zamani linabaki chini na toleo jipya linakaa juu, nawe unalipia yote mawili.

Njia ya kupata nafasi kwa kweli ni kutengeneza upya picha ya mfumo, yaani faili moja yenye mfumo mzima, bila programu usizozitaka na ukiwa umeshaziweka ndani zile unazozitaka, kisha uiandike kwenye rauta. OpenWrt hutoa kifurushi cha kuundia picha kwa ajili ya kazi hiyo, na kwa shule yenye rauta kadhaa za aina moja, jioni moja utakayoitumia kukijifunza itakurudia kwa miaka. Programu iliyowekwa ndani ya picha hubanwa na SquashFS, ambayo hubana vizuri kuliko JFFS2, kwa hiyo unafaidika mara mbili.

Jambo moja zaidi la kujua ni kwamba JFFS2 haikupi nafasi yote unayoihesabu. Hujiwekea akiba ya bloku chache ili ipate mahali pa kuhamishia data hai inapofagia bloku zenye data mfu, na katika sehemu yenye kilobaiti mia chache akiba hiyo inaonekana wazi. Kwa upande mwingine, mpangilio huu wa tabaka mbili ndio unaokuokoa unapokosea, kwa sababu kuirudisha rauta katika hali ya mwanzo ni kufuta tabaka la juu tu. La chini halijaguswa, wala umeme unaokatika hauwezi kuliacha limeandikwa nusu.

Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dodoma. Mradi wetu unatumia bodi ya Linux yenye chipu ya NAND ya megabaiti 256 iliyouzwa moja kwa moja kwenye bodi, bila kidhibiti. Tunatakiwa kuchagua kati ya mifumo ya faili ya JFFS2, YAFFS2 na UBIFS na kueleza sababu. Pia mwenzangu anasema kwa kuwa UBIFS imetengenezwa kwa ajili ya flashi, tuiweke na kwenye kadi ya SD. — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Nianze na la mwenzako kwa sababu ni fupi: haiwezekani kwa namna ya kawaida, na hata ingewezekana isingefaa. UBIFS inataka kuishika flashi yenyewe, kujua bloku zake na kuzifuta kwa amri yake. Kadi ya SD inaficha hayo yote nyuma ya kidhibiti, kama nilivyomweleza fundi wa Tanga. Kwa kadi mnaweza kutumia ext4, au F2FS, ambayo Samsung waliitoa mwaka 2012 na ikaingia katika kerneli (kiini) ya Linux toleo la 3.8 mwanzoni mwa 2013, nayo ilitengenezwa ikijua kwamba chini yake kuna flashi yenye kidhibiti.

Kwa chipu yenu isiyo na kidhibiti, mfumo wa faili ndio unaobeba mzigo wote: kugawa uchakavu ili bloku zisife upande mmoja, kurekebisha biti zinazogeuka, na kuziruka bloku mbovu, ambazo chipu ya NAND huwa nazo hata ikiwa mpya kutoka kiwandani.

Wazo la msingi lilikuja kabla ya flashi kuenea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mendel Rosenblum na John Ousterhout wa chuo kikuu cha Berkeley, California, walieleza mfumo wa faili unaoandikwa kama batli ya nahodha, ambamo kila tukio jipya huandikwa mwishoni na hakuna kinachorudiwa nyuma kusahihishwa. Wao walikuwa wakifikiria diski za kuzunguka, lakini ni rahisi kuona kwa nini wazo hilo liliifaa flashi, ambayo haikubali kusahihishwa palepale. Mwaka 1999 kampuni ya Axis ya Uswidi ikatoa JFFS kwa mtindo huo, na mwaka 2001 David Woodhouse wa Red Hat akaiandika upya kuwa JFFS2, akiongeza ubanaji wa data na ufagiaji bora zaidi.

Udhaifu wa JFFS2 unatokana na uzuri wake. Kwa kuwa data imetawanyika kama batli isiyo na faharasa, kifaa kikiwaka lazima flashi ipitiwe ili kujua kila kipande ni cha faili gani na kipi ni kipya kuliko kipi, na ramani inayopatikana hukaa katika RAM. Kwa megabaiti 8 hakuna anayelalamika. Muda na RAM, hata hivyo, huongezeka kadiri flashi inavyokuwa kubwa. Kompyuta za watoto za XO-1 za mradi wa OLPC, wa kumpa kila mtoto kompyuta yake, ambazo Rwanda ilizigawa kwa wingi katika shule zake za msingi, zilikuwa na NAND ya gigabaiti 1 na RAM ya megabaiti 256, na mfumo wake wa faili ulikuwa JFFS2. Kwa maoni yangu hapo JFFS2 ilikuwa imetwishwa mzigo uliozidi kimo chake.

YAFFS iliandikwa na Charles Manning wa New Zealand na kutoka mwaka 2002, ikilenga NAND tangu mwanzo. Toleo lake la pili, YAFFS2, lilikuja kwa ajili ya kurasa za baiti 2,048, nalo huweka maelezo ya kila ukurasa katika baiti za pembeni ambazo NAND huwa nazo karibu na kila ukurasa. Ni mfumo mwepesi na ulifanya kazi kubwa. Simu za kwanza za Android mwaka 2008 ziliutumia, mpaka simu ya Nexus S ilipokuja na ext4 mwishoni mwa 2010, kwa kuwa simu zilikuwa zinahamia kwenye flashi zenye kidhibiti ndani. Kikwazo kwenu ni kwamba haumo katika kerneli rasmi ya Linux, na kila mnapopandisha toleo mtalazimika kuubeba wenyewe.

Mimi ningechagua UBIFS. Iliandikwa na wahandisi wa Nokia wakisaidiana na Chuo Kikuu cha Szeged cha Hungaria, ikaingia katika kerneli 2.6.27 mwezi Oktoba 2008. Nguvu yake iko katika kugawa kazi. Chini kuna tabaka liitwalo UBI, ambalo halijui chochote kuhusu faili. Linahesabu kila bloku imefutwa mara ngapi, linaiandika hesabu hiyo mwanzoni mwa bloku yenyewe, linazificha bloku mbovu, na hata data isiyobadilika kamwe linaihamisha ili bloku iliyopumzika sana ichukue zamu yake. Juu yake UBIFS inashughulikia faili tu, ikiwa na faharasa yake ndani ya flashi, na kwa hiyo haihitaji kusoma kila kitu kifaa kinapowaka.

Katika ripoti yenu msisahau mambo mawili. UBIFS huchelewesha kuandika ili ipate kasi, kwa hiyo programu isiyotumia fsync inaweza kukuta faili yake ni tupu baada ya umeme kukatika. Walaumuni walioiandika programu. Pia angalieni karatasi ya chipu yenu kuhakikisha ni ya biti moja kwa seli, kwa kuwa UBI haikuundwa kwa zile zenye kurasa zinazoshirikiana seli. Mngekuwa na NOR ya megabaiti 4 jibu langu lingekuwa JFFS2, kwa sababu UBI hujitengea bloku zake za akiba na katika chipu ndogo gharama hiyo haivumiliki.

Tunafunga vifaa vya kufuatilia joto katika maghala ya samaki hapa Mwanza. Kimoja kilianza kuwaka na kuzima chenyewe bila kukoma. Tulipochomoa kadi kikawaka vizuri, tulipoirudisha kikaanza tena. Tulikuta kadi ina maelfu ya faili ndogo. Tufanyeje ili isitokee tena? — Kikundi cha mafundi, Mwanza

Ndugu zangu, yaliyowapata yaliwahi kukipata chombo cha NASA kilichokuwa kwenye sayari ya Mirihi, na simulizi hiyo ina kila mnachohitaji.

Gari la Spirit lilitua Mirihi mwanzoni mwa Januari 2004 baada ya safari ya karibu miezi 7. Kompyuta yake ilikuwa na RAM ya megabaiti 128 na flashi ya megabaiti 256, na faili zilitunzwa katika flashi hiyo kwa mfumo wa aina ya DOS, jamaa ya FAT iliyo kwenye kadi yenu. Tarehe 21 Januari mawasiliano yalivurugika. Gari lilikuwa likijiwasha upya tena na tena, zaidi ya mara 60, na kwa kuwa halikuweza kulala usiku kama lilivyopangiwa, betri zake zilikuwa zikiisha.

Chanzo chake kilikuwa saraka. Kila kifaa kilipowaka, muundo wa saraka za flashi ulinakiliwa katika RAM, na faili zilizorundikana tangu safarini zilikuwa zimeukuza. Kufuta faili hakukuusaidia, kwa kuwa saraka iliyokua haikupungua. Siku ile RAM haikutosha; kazi iliyonyimwa RAM ikaleta hitilafu, hitilafu ikaamuru kompyuta ijiwashe upya, na ilipowaka jambo la kwanza ikafungua flashi ileile yenye saraka zilezile. Wahandisi wa maabara ya JPL huko Pasadena, California, walilituma gari amri ya kuwaka bila kuigusa flashi, likitumia RAM mahali pake, na hivyo wakapata nafasi ya kuichunguza. Mwanzoni mwa Februari waliiumbiza (format) upya flashi hiyo. Gari lililokusudiwa kufanya kazi siku 90 za Mirihi liliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010.

Mlipochomoa kadi kwa mkono mlifanya kilekile walichokifanya wao kutoka mbali. Kifanyeni sasa kiwe sehemu ya programu: kifaa kihesabu kimejiwasha mara ngapi bila kufika mwisho wa kuwaka, na kikifika mara 3 kiwake bila kuifungua kadi, kipime joto, kitume taarifa, na kiseme kwamba kadi ina tatizo. Samaki wanaharibika kwa saa chache, kwa hiyo kipimo cha sasa kina thamani kuliko kumbukumbu zote za mwezi uliopita. Badala ya faili moja kwa kila kipimo, tumieni faili moja kwa siku, na wekeni idadi ya juu ya faili ambayo ikifikiwa ya zamani kabisa inaondolewa. Kisha, kabla ya kufunga kifaa kinachofuata, kijazeni kadi hadi pomoni mezani mwone kinafanya nini.

Ninatumia ESP32, chipu ndogo ya kompyuta, kuhesabu mizunguko ya pampu shambani Kilifi. Hesabu naiandika kwenye flashi yake kila dakika. Je, nitumie mfumo wa faili wa SPIFFS au LittleFS? — Mkulima, Kilifi

Tumia LittleFS, iliyotolewa na Arm mwaka 2017 kwa ajili ya kompyuta za ukubwa huo. Maelezo ya kila saraka huyaweka katika bloku mbili zinazopokezana zamu, kila moja ikiwa na namba ya toleo na hesabu ya uhakiki, hivyo umeme ukikatika nusu ya kuandika bloku ya pili, ile ya kwanza bado ni nzima. Inatumia RAM kidogo isiyoongezeka kadiri flashi inavyokua. SPIFFS haina saraka za kweli na hupunguza mwendo inapokaribia kujaa.

Hata hivyo nisingeandika kila dakika bila kupiga hesabu kwanza. Sekta ya flashi hiyo, yaani sehemu ndogo kabisa inayofutwa kwa mara moja, ni baiti 4,096 na huvumilia kufutwa mara 100,000 hivi. Ungekuwa unaifuta na kuiandika sekta moja kila dakika, ingeisha kwa siku 69. Ukiwa unaongeza rekodi za baiti 16 mfululizo ndani ya sekta hiyohiyo, na kuifuta tu inapojaa baada ya rekodi 256, ingechukua zaidi ya miaka 48. LittleFS inafanya jambo linalokaribiana na hilo kwa niaba yako na pia huhama kutoka sekta moja hadi nyingine, lakini pampu ikiwa imelala usiku kucha na hesabu haijabadilika, programu yako isiandike chochote.